Prototaipu imekwama mkononi mwa mteja: dalili, chanzo na dawa

Duka ni la leso (kanga), liko Biashara Street, Mombasa, na mwenyewe alitaka programu ya simu ili mteja wa Mtwapa au Voi achague leso na kuilipia bila kupanda matatu. Nilichora skrini kumi na saba, nikaziunganisha, nikapata prototaipu inayobonyezeka. Kwa asiyelijua neno, prototaipu ni sura ya programu ambayo ndani haina kitu: unabonyeza, skrini inabadilika, lakini nyuma yake hakuna ghala la bidhaa wala pesa inayotembea. Nikaenda nayo kwa watu. Mambo yakaanza kuharibika hapo.

Haya yametoka kwenye daftari la majaribio hayo. Nimeyapanga kwa dalili, kwani ukikaa mbele ya mteja aliyekwama chanzo hukioni, waona dalili peke yake.

Kwanza, ugonjwa uko wapi?

Tatizo huweza kukaa mahali patatu: kwenye chombo (simu, mtandao, programu uliyochorea), kwenye jaribio lenyewe (ulivyouliza, mlipokaa, uliyemwita), au kwenye dizaini. Wengi wetu tukiona mtu amekwama tunakimbilia kuchora upya. Twaitibu dizaini na mgonjwa ni swali letu.

Mimi hupima hivi. Nachukua kazi ileile iliyomkwamisha wa kwanza, nampa mtu wa pili kwenye karatasi: skrini zimechorwa kwa kalamu, yeye anaelekeza kidole, mimi nabadilisha karatasi. Akipita, lawama ni ya chombo. Akikwama palepale, namwita wa tatu na kubadilisha maneno ya kazi bila kugusa mchoro. Akipita huyo, kosa lilikuwa mdomoni mwangu. Naye akikwama, haya, sasa nashika penseli. Nusu saa inatosha. Siku niliyoliruka zoezi hili nilipoteza siku mbili nzima, na kisa chake kiko huko chini kwenye majina ya leso.

"Mashallah, nzuri." Kisha basi

Kila unayemwonyesha anasifu. Hakuna aliyekosea, hakuna aliyeuliza, unarudi ofisini na daftari jeupe.

Chanzo cha kwanza ni adabu. Mtu akikuletea kazi ya mikono yake humwambii usoni kwamba ni mbovu, sembuse akiwa amekununulia kahawa. Ukiuliza "Waionaje?" umeomba sifa, na sifa utapewa. Basi usiulize. Mpe haja: "Dada yako wa Kilifi amejifungua, wataka leso imfikie kesho." Ukishasema hivyo, nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Mimi hutia kipande cha kashata mdomoni ili nisiropoke "bonyeza hapo juu".

Wala usiseme umeichora wewe. Sema kuna watu wanatengeneza kitu na wanatafuta palipo pabovu. Si uongo, nawe ni mmoja wao.

Chanzo cha pili ni kung'ara. Skrini yenye rangi zote na picha safi huonekana kazi iliyokwisha, na kazi iliyokwisha haikosolewi. Hata mwenye duka ilimhadaa: alipoiona aliniuliza mbona haijaanza kuuza. Kwa duru ya kwanza teremka hadi kwenye penseli, au chini zaidi. Jeff Hawkins, aliyebuni kompyuta ya mfukoni ya PalmPilot, kabla ile ya kwanza haijatoka mwaka 1996, alitembea na kipande cha mbao mfukoni, kimekatwa kwa ukubwa wa kifaa alichokuwa akikiwazia, akawa anakitoa na kujifanya anaandika miadi yake. Mbao haina cha kusifiwa. Ilimwonyesha tu kama mfuko unaibeba na kama mkono unaikumbuka.

Anabonyeza, hakuna kitu

Tazama amebonyeza wapi. Ikiwa ni mahali usipopaunganisha, usiseme prototaipu imeharibika. Wewe umejenga njia moja, ile uitakayo, na yeye amekwenda na yake. Mimi niliunganisha maneno "Tazama zaidi" chini ya kila leso. Watu wanne kati ya watano walibonyeza picha. Hilo lilikuwa jibu, nami nusura niliandike kwenye safu ya hitilafu.

Ukitumia Figma, programu ya kuchorea skrini na kuziunganisha, kuna mtego mwingine. Mtu akibonyeza pasipounganishwa, skrini humwekea alama ya buluu kwenye kila mahali panapobonyezeka. Akishaiona, anaifuata. Kutoka hapo hupimi tena kama anaelewa, wapima kama anaona buluu. Kwenye mipangilio ya kuonyesha prototaipu pana mahali pa kuzima vidokezo hivyo. Vizime kabla hujatoka ofisini.

Na ikiwa amelenga penyewe ila kidole hakikupata, basi kitufe ni kidogo. Mwongozo wa Android unataka eneo la kubonyeza lisipungue dp 48 kila upande (dp ni kipimo cha Android cha vitu vya skrini), kama milimita 9 hivi. Apple, kwa kipimo chake, inasema pointi 44. Vipimo hivyo ni vya kidole kikavu. Jasho la Februari, kioo kilichopasuka na mtoto mapajani huomba zaidi.

Ofisini sawa, Likoni haionekani

Niliwapata watu watatu wakisubiri feri, adhuhuri, jua la utosi. Wote watatu waliinamisha simu, wakaifunika kwa kiganja, mmoja akaingia nayo ndani ya buibui lake. Bei nilikuwa nimeiandika kwa kijivu chepesi juu ya nyeupe, kwa sababu ofisini ilipendeza. Miongozo ya WCAG, ile ya kimataifa ya kuhakikisha skrini inasomeka na kila mtu, inadai maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa 4.5 kwa 1 angalau, na kijivu changu hakikukaribia hapo. Vipo vikokotoo vya kupima, ila mimi siku hizi natoka nje mchana na kusoma bei kwa sauti. Nikisita, rangi inakwenda.

Ukubwa nao. Kompyuta yangu ilinipa fremu ya simu ya bei ghali, nami nikaikubali bila kufikiri. Simu nyingi za Android mikononi mwa wateja wetu zina upana wa dp 360, na wamama wengi wameshaongeza maandishi kwenye mipangilio ya simu zao. Prototaipu haijui hilo. Ni picha, itabana kila kitu iingie. Chora kwa 360 kwanza, kisha jaribu nakala moja yenye herufi kubwa. Na usisahau kibodi: ikifunguka inameza karibu nusu ya skrini, na kitufe cha "Endelea" ulichokiweka chini kinazama. Mimi huchora kibodi yenyewe kama picha na kuiweka juu ya skrini za kuandika. Haiandiki kitu, lakini inaziba kama ya kweli.

Haifunguki kabisa

Picha nzito na bando dogo. Punguza ukubwa wa picha kabla ya kuziingiza, igawe prototaipu ndefu vipande viwili, na uifungue kwa wifi kabla hujaondoka. Weka karatasi kwenye mkoba vilevile, maana karatasi haiishi chaji.

Wote wanapita, tena mbio

Soma upya maneno ya kazi yako. Niliwaambia watu "Weka leso kwenye kikapu", na kitufe kimeandikwa "Weka kwenye kikapu". Hata kasuku angepita. Nilipobadilisha kuwa "Umeipenda hii, lakini wataka kuangalia nyingine kabla hujalipa", wawili kati ya watatu walipiga picha ya skrini ili wasiisahau. Kikapu hawakukiona.

Kidole kinasimama hewani

Hapa chanzo karibu kila mara ni neno. Kitufe cha mwisho cha fomu nilikiandika "Tuma". Kwa kamusi ni sahihi. Mama mmoja wa Kisauni alifika pale, mkono ukaganda. "Natuma nini? Pesa?" Ana haki. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, kutuma kwa simu ni kutuma pesa, na mtu mzima hatumi pesa asikokujua. Tulipokibadilisha kikawa "Agiza leso hii", kusita kukaisha. Nimeona neno "Wasilisha" likipendekezwa, lakini hilo lanuka afisi ya serikali.

Kibaya zaidi kilikuwa kidirisha cha kuvunja agizo. Kiliuliza "Ghairi agizo?" na chini yake vitufe viwili: "Ghairi" na "Sawa". Kijana mmoja alicheka: "Sasa hapa nikighairi, nimeghairi agizo au nimeghairi kughairi?" Neno lenyewe watu wa Mombasa wanalijua vizuri, tatizo ni kulitumia pande zote mbili. Vitufe vikawa "Sitaki tena" na "Bado nataka". Virefu, ndiyo. Ukiona neno refu halienei kwenye kitufe, panua kitufe.

Mzigo unasubiriwa mchana, umeshafika asubuhi

Dalili hii hujificha, kwa sababu kwenye jaribio mtu anapita bila kukwama. Nilimwuliza kila mmoja mwishoni, "Kwa hivyo mzigo waja lini?" Ndipo nilipogundua. Skrini ilisema "Saa 8:00 hadi 10:00", mimi nikimaanisha asubuhi kwa hesabu ya saa ya simu. Mmoja aliniambia saa mbili asubuhi. Wa pili akasema saa nane, baada ya chakula cha mchana. Wa tatu akaniuliza kwani tuna mtu wa kupeleka mizigo saa nane usiku.

Uso wa saa wa simu unahesabu kutoka usiku wa manane, na ulimi wetu unahesabu kutoka mapambazuko. Kati yao kuna saa sita. Jambo la ajabu ni kwamba mtu akiona 8:00 kwenye ukuta wa simu yake husema "saa mbili" bila hata kuwaza. Lakini ukitangulia kuandika neno "Saa" kwa Kiswahili, umemwingiza kwenye hesabu ya Kiswahili, na tarakimu ya 8 inasomeka nane. Kuongeza neno "asubuhi" mbele ya "Saa 8" kulizidisha vurugu, kwani saa nane ya asubuhi haipo.

Dawa iliyoshika ni maneno matupu: "Asubuhi, saa mbili hadi saa nne" na "Jioni, saa kumi hadi saa kumi na mbili". Tarakimu zikaondoka. Mwenye duka alipendekeza "baada ya alasiri", nami nikaipenda, lakini si wateja wote wanaopanga siku kwa swala, tukaiacha.

Kipimo ni kilekile: mwisho wa jaribio mwambie akusimulie kitakachotokea. Aliyeelewa vibaya hakwami, ila husimulia hadithi nyingine.

Mbili ni ngapi?

Leso huuzwa pea. Kwenye skrini palikuwa na tarakimu yenye alama ya kuongeza na kupunguza. Watu waliweka 2, wakiamini wamenunua pea moja. Andika "Pea 1 (leso 2)" na uiache ionekane hadi skrini ya malipo.

Hachagui

Sasa kile kisa cha siku mbili. Kazi ilikuwa: "Mtoto wako anaoa, nunua leso ya kumpelekea mkwe wako." Wanawake sita walifungua, wakapandisha na kuteremsha picha, wakatazama rangi, wakataja mji na pindo, kisha wakaniregeshea simu. Hakuna aliyebonyeza "Nunua". Mimi nikaamua kitufe hakionekani. Nikakikuza, nikakitia rangi ya chungwa, nikakipandisha juu, nikakishusha tena. Siku mbili.

Siku ya tatu shangazi mmoja alinihurumia. "Mwanangu, hii wataka nimpelekee mkwe? Isome." Nikaisoma. Ilikuwa picha ya leso iliyoandikwa "Hasidi hana sababu". Nilikuwa nimepata picha moja nzuri, nikainakili kwenye leso zote kumi na mbili na kuzibadilisha rangi, kwa sababu ilikuwa prototaipu tu na nilihitaji kujaza nafasi. Leso huchaguliwa kwa jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Rangi inakuja baadaye. Kumpelekea mkwe maneno yale ni kutangaza vita kabla ya harusi.

Kumbe dizaini ilikuwa haijaguswa na mtu hata mmoja. Kilichokuwa kikitazamwa ni lile jina langu la kujazia. Nilipoweka majina kumi na mawili ya kweli, yameandikwa pia chini ya picha kwa herufi zinazosomeka, wanne kati ya watano wa duru iliyofuata walinunua bila kuambiwa, na wa tano alitaka kutafuta "Japo sipati tamaa sikati" kwa kuandika. Sehemu ya kutafuta niliyoichora ilikuwa ya bei na rangi.

Dalili za namna hii zina ndugu wengi. Ukijaza fomu kwa jina la Mzungu, hutajua kama nafasi inamtosha mtu mwenye majina matatu, au kama itakubali kile kialama cha juu kwenye Ng'ang'a. Ukijaza anwani yenye mtaa na namba ya nyumba, hutasikia mtu akisema kwake ni nyuma ya msikiti, mlango wa kijani, uliza kwa muuza mabuyu. Nenda kwa mwenye biashara, mwombe daftari lake la maagizo, unakili kutoka humo ukibadilisha majina na namba za watu. Kujaza kwa vitu vya kweli kwala muda. Kwangu kulikula saa tatu, dhidi ya zile siku mbili.

Amelipa, lakini haondoki

Skrini ya mwisho inasema malipo yamepokelewa, na mtu bado ameishikilia simu anaitazama. Ukimwuliza amemaliza, anasema bado. "Mbona meseji haijaja?"

Skrini yako haina mamlaka mbele ya meseji ya M-Pesa. Mpaka ile ije, ikiwa na kiasi, jina la aliyepokea na salio, pesa haijaenda popote. Prototaipu haiwezi kutuma meseji, kwa hivyo hapa unahitaji mtu nyuma ya pazia. Ni mbinu ya zamani: mwaka 1983 John Gould na wenzake wa IBM walichapisha jaribio la taipu inayosikiliza sauti, wakati mashine ya kuifanya kazi hiyo haikuwepo. Msemaji alisema, na mpiga taipu aliyefichwa chumba kingine akapiga. Mimi nilimweka mwenzangu kwenye kibaraza cha pili na simu yake. Mteja akibonyeza "Lipa", yeye anahesabu mpaka saba na kutuma meseji.

Tahadhari moja, na siichezei: usiige meseji ya M-Pesa neno kwa neno. Meseji bandia ni kazi ya matapeli na watu wameumia. Yetu ilianza na neno JARIBIO kwa herufi kubwa, na mteja alijua tangu mwanzo kwamba hakuna pesa itakayotoka. Bado tulijifunza tulichotaka: ndani ya zile sekunde saba, wawili walibonyeza "Lipa" mara ya pili. Skrini ya kungojea, inayosema usibonyeze tena, haikuwemo kwenye michoro yangu kumi na saba. Wala ya salio kutotosha. Wala ya mtandao kukatika. Mtengenezaji programu angejichorea mwenyewe usiku mmoja, nasi tungeshangaa baadaye mbona imetoka tofauti.

Watu watano, maoni saba

Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima programu kwa watumiaji, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji watano huibua takriban asilimia 85 ya matatizo, kwa hesabu kwamba mmoja huibua wastani wa asilimia 31. Watu hukariri namba hiyo na kuacha masharti yake. Alimaanisha watano, urekebishe, kisha watano tena. Na alikuwa akisema watumiaji wa aina moja. Watano wangu wa kwanza wote walitoka maskani moja ya Kibokoni, vijana, na si mmoja wao aliyewahi kununua leso. Maoni yao yalipingana kwa sababu walikuwa wakikisia. Tafuta anayenunua.

Anaitumia kwa kazi usiyoikusudia

Majaribio ya M-Pesa yalipoanza Kenya mwaka 2005 yalilenga watu walipe mikopo midogo. Watu wakawa wanatumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 2007 huduma ikazinduliwa na kutuma pesa ndiko kulikowekwa mbele. Basi mtu akiipotosha prototaipu yako, usimrudishe njiani haraka.

Zile picha za skrini nilizozitaja, za waliotaka kukumbuka leso? Hazikuwa za kukumbuka. Nilipouliza, walikuwa wanataka kuzirusha WhatsApp kwa dada, kwa mama, kwa shoga, wapate ushauri wa jina kabla hawajalipa. Kwenye duka lenyewe wanawake huja wawili wawili, hilo nililiona kila siku na sikulichora. Sasa chini ya kila leso kuna kitufe cha kuipeleka picha kwa mtu. Nilianza kukiandika "Tuma", nikakumbuka. Kimeandikwa "Muulize dada". Jumamosi kinakwenda Likoni, saa sita mchana.